Gemu Inapojizima, Mteja Asiachwe Abahatishe

Mwaka 2024 sentensi moja iliwahangaisha wachezaji wa gemu za kompyuta katika nchi nyingi. Mtu anafungua gemu mpya, anasubiri ipakie, na kabla hajaiona hata menyu, gemu inajizima. Skrini inabaki na kisanduku kidogo kinachosema kumbukumbu ya kadi ya grafiki imekwisha. Mwenye kompyuta anasoma na kuamini, na kwa nini asiamini? Anashusha ubora wa picha, anafuta dreva na kuiweka upya, anafuta Windows nzima, na mwisho anaanza kuulizia bei ya kadi nyingine. Kumbe kadi yake ni nzima. Inayokosea ni prosesa.

Msimamo wetu ni huu. Aliyeuza gemu na aliyeuza kifaa ndio wenye taarifa za kujua kwa nini mashine inajizima, na wanawajibika kuzitoa mapema, kwa ujumbe unaosema kweli. Mchezaji aliyetoa pesa yake asigeuzwe mpelelezi wa makosa ya kiwandani. Na kwa kuwa wajibu huo bado unatekelezwa kwa kusuasua, mchezaji naye aache kununua vipuri kwa kubahatisha. Akusanye ushahidi kwanza, kisha adai.

Kisa cha mwaka 2024 kinafaa kuelezwa kirefu kwa sababu kinaonyesha kila mahali ambapo mteja anaweza kuachwa peke yake.

Intel ilitoa prosesa zake za kizazi cha 13 mwezi Oktoba 2022, na za kizazi cha 14 Oktoba 2023. Kubwa kati ya hizo, Core i9-13900K na Core i9-14900K, zilitangazwa kwa bei ya dola 589 za Marekani kila moja, na hiyo ya pili iliweza kufika kasi ya gigahezi 6. Hizo ndizo mashine ambazo mtu hujinyima miezi mingi ili azipate. Kisha malalamiko yakaanza kuja kutoka kwa watu hao hao waliotumia pesa nyingi kuliko wenzao. Gemu zilizojengwa kwa injini ya gemu iitwayo Unreal Engine zilikuwa zikiwazimikia mwanzoni kabisa, na Tekken 8, iliyotoka Januari 2024, ikawa mojawapo ya zilizotajwa mara nyingi.

Kwa nini mwanzoni? Gemu ya siku hizi, inapofunguliwa mara ya kwanza, huandaa maelfu ya vijiprogramu vinavyoiambia kadi ya grafiki namna ya kuchora mwanga, kivuli, ngozi na maji. Watu wa fani huviita sheda. Data ya sheda huja imebanwa ili isijaze diski, na katika gemu nyingi inayoifungua ni Oodle, programu ya RAD Game Tools, kampuni iliyonunuliwa na Epic Games mwaka 2021. Oodle haifungui tu. Inakagua pia kama kilichotoka kiko sawasawa. Kazi hiyo huzitumikisha kori zote za prosesa, yaani vitengo vyake vya hesabu, kwa pamoja, bila kupumzika. Hapo prosesa iliyoanza kuchoka hukosea hesabu. Oodle inakuta data imeharibika na kukataa kuendelea. Gemu inapokea kukataliwa huko, haina neno la kulieleza jambo hilo, inatoa ujumbe wa kitu kingine kabisa. Ni sawa na mgonjwa wa figo kuandikiwa barua ya kwenda kwa daktari wa macho.

RAD walijitokeza mapema mwaka 2024 wakasema wazi kwamba kosa halimo katika Oodle wala katika Unreal, limo katika mashine. Wakatoa na dawa ya muda: ingia kwenye mipangilio, punguza kasi ya juu ya kori kubwa kwa hatua moja au mbili, kisha ujaribu tena. Waliofanya hivyo wengi wakaona gemu inafunguka. Aprili mwaka huo Nvidia nao, watengenezaji wa kadi za grafiki waliochoka kulaumiwa kwa kosa lisilo lao, wakawaelekeza wenye prosesa za vizazi hivyo viwili waende kwa Intel. Intel wakati huo ilikuwa ikinyooshea kidole mipangilio ya madabodi, kwamba watengenezaji wake wanazipa prosesa umeme kupita kiasi kilichowekwa. Mteja akabaki katikati: wa gemu anasema nenda kwa wa kadi, wa kadi anasema nenda kwa wa prosesa, wa prosesa anasema nenda kwa wa madabodi.

Tarehe 22 Julai 2024 Intel ikatangaza kwamba mikrokodi yake yenyewe, yaani maelekezo ya ndani yanayoiongoza prosesa, ilikuwa ikiomba volteji isiyo sahihi. Agosti ikatoa marekebisho yaliyopewa namba 0x129, yanayoizuia prosesa isiombe zaidi ya volti 1.55. Septemba ikaeleza kiini: sehemu ya mzunguko inayoratibu mapigo ya saa ndani ya kori ilikuwa inazeeka kabla ya wakati kwa sababu ya volteji na joto la juu. Marekebisho mengine, 0x12B, yakafuata, na Mei 2025 yakaja 0x12F. Ukihesabu kutoka siku prosesa za kwanza zilipoingia madukani hadi siku chanzo kilipoelezwa, ni karibu miaka miwili.

Na kuna jambo ambalo halikusemwa kwa sauti ya kutosha, nalo ndilo zito kuliko yote. Mikrokodi mpya huilinda prosesa ambayo bado ni nzima. Iliyokwisha kuumia haiponi kwa apdeti yoyote. Dawa yake ni kubadilishwa. Kwa hiyo mtu aliyeambiwa sasisha BIOS, programu ya madabodi inayobeba mikrokodi hiyo, akasasisha, na gemu zikaendelea kujizima, hakukosea hatua yoyote. Anadai prosesa mpya, na ni haki yake.

Tunatambua kwamba Intel iliongeza waranti ya prosesa zilizohusika kwa miaka 2, kutoka 3 hadi 5. Ilikuwa hatua sahihi. Lakini waranti inamfaa anayejua kwamba kifaa chake ndicho kibovu. Ujumbe uliomwambia kadi ya grafiki imekwisha kumbukumbu ulimfukuza kutoka kwenye mlango aliopaswa kuubisha.

Je, inawezekana gemu iseme kweli kuhusu mashine? Inawezekana, na iliwahi kufanyika kitambo. ArenaNet, waliotoa Guild Wars mwaka 2005, walikuwa wakipokea ripoti za kujizima ambazo hazikuwa na maana: msimbo uko sawa, hesabu haiko sawa. Mmoja wa waanzilishi wake, Mike O'Brien, akaandika kipande kidogo ndani ya gemu yenyewe. Kipande hicho kilichukua sehemu ya kumbukumbu, kikafanya hesabu, kikalinganisha jibu na orodha ya majibu yanayojulikana, mara makumi kadhaa kila sekunde huku mtu akicheza. Kwa kompyuta nzima jaribio hilo halipaswi kushindwa hata mara moja. Mwenzake Patrick Wyatt alieleza baadaye kwamba lilishindwa kwa takriban asilimia 1 ya kompyuta zilizokuwa zikicheza. Sababu zilikuwa zile zile tunazozijua leo: prosesa iliyosukumwa kupita kasi yake, kumbukumbu iliyopangwa vibaya, pawa saplai dhaifu, na joto.

Walichofanya baada ya kugundua ndicho tunachokisifu. Gemu ilipobaini kwamba mashine inakosea hesabu, ilimfungulia mchezaji ukurasa unaomweleza kwamba kompyuta yake ina hitilafu, na nini cha kukagua. Mchezaji alijua. Fundi wake alijua. Hakuna aliyenunua kadi bure.

Kama hilo liliwezekana kwa mashine za mwaka 2005, kampuni za leo hazina sababu ya kutuletea kisanduku chenye namba ndefu isiyosomeka. Gemu nyingi kubwa zinapojizima hutuma ripoti kwa waliozitengeneza. Ripoti hiyo hubeba aina ya prosesa, aina ya kadi, toleo la dreva, na faili lililokuwa linafanya kazi dakika ile. Digital Extremes, watengenezaji wa Warframe, walizipanga ripoti zao mwaka 2024 wakaona jambo la kushangaza: faili lililotajwa lilikuwa la dreva ya Nvidia, lakini mashine zilizoathirika kwa wingi zilikuwa na prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14. Wakalisema hadharani. Mchezaji mmoja nyumbani asingeweza kuliona hilo hata angekesha mwaka mzima, kwa sababu ana mashine moja tu. Mwenye ripoti laki moja mkononi analiona kwa alasiri moja. Ndiyo maana tunasema wajibu ni wake.

Hatusemi kila kujizima ni kosa la vifaa. Mara nyingi gemu yenyewe ndiyo mbovu, na wauzaji wanajua wanapoitoa. Batman: Arkham Knight ilitoka kwenye kompyuta tarehe 23 Juni 2015 ikiwa katika hali mbaya kiasi kwamba Warner Bros. waliiondoa sokoni baada ya siku chache, na haikurudi hadi mwishoni mwa Oktoba. Cyberpunk 2077 ya Desemba 2020 ilikuwa na kosa kwenye kompyuta ambapo faili la kuhifadhi mchezo likizidi megabaiti 8 linaharibika, na saa zote za mtu zinapotea; lilirekebishwa mwezi huo huo, ila aliyekwisha kupoteza alipoteza. (Anayethamini mchezo wake aweke nakala ya faili hilo mahali pengine. Ni dakika moja.)

The Last of Us Part I, iliyoletwa kwenye kompyuta Machi 2023, inatupa somo la pesa. Ilikuwa inajizima, na kabla ya kuchezwa ilihitaji kuandaa sheda kwa muda ambao kwa mashine nyingi ulikuwa mrefu mno. Sasa tazama kanuni ya Steam, duka la gemu la mtandaoni: unarudishiwa pesa ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue, na uwe umecheza chini ya saa 2. Saa hiyo inahesabu tangu gemu inapofunguka. Ukikaa unasubiri sheda, inahesabu. Ikijizima ukaifungua tena na tena kujaribu kurekebisha, inahesabu. Mtu mvumilivu, anayehangaika kwa nia njema kuifanya gemu ifanye kazi, ndiye anayepoteza haki yake haraka kuliko aliyekata tamaa mara moja. Hili si haki. Muda wa kuandaa sheda uondolewe kwenye hesabu, na mteja mwenye ripoti za gemu kujizima katika akaunti yake arudishiwe pesa bila kujali saa. Steam wenyewe wanakubali kuangalia maombi yaliyo nje ya kanuni, kwa hiyo omba hata kama umezidisha, na eleza kilichotokea. Ila haki isitegemee huruma ya anayesoma ombi.

Tuje kwa mchezaji. Aliye na tatizo usiku wa leo hawezi kusubiri kampuni zibadilike.

Swali la kuanzia ni moja: inajizima gemu hii peke yake, au zote? Ikiwa ni hii peke yake na nyingine nzito zinakwenda saa nzima bila shida, shuku gemu. Kagua mafaili yake kupitia Steam au duka ulikonunua, soma kama wengine wanalalamika tangu apdeti ya mwisho, subiri rekebisho au dai pesa. Ikiwa ni nyingi, au kompyuta yote inazima na kuwaka upya, hapo shuku mashine au umeme, na usipoteze siku kufuta na kupakua upya gemu yenye gigabaiti 100 kwa bando lako.

Kisha soma rekodi za matukio za Windows. Andika neno reliability kwenye kisanduku cha kutafutia, utafunguliwa ukurasa wenye kalenda ya kila kilichoanguka, na alama nyekundu siku kilipoanguka. Wengi hawajawahi kuufungua, na ni bure. Kwa maelezo ya kina, fungua Event Viewer ya Windows. Humo ukikuta Kernel-Power namba 41, maana yake ni kwamba kompyuta ilizimika bila kuagwa: umeme ulikatika, pawa saplai ilishindwa, joto lilizidi, au mashine iliganda ukaizima kwa kidole. Ukikuta WHEA-Logger, vifaa vyenyewe vimetoa taarifa ya hitilafu, na hapo gemu ina uwezekano mkubwa wa kuwa haina hatia. Ukikuta jina la dreva ya kadi, nenda taratibu. Windows huipa kadi sekunde 2 za kujibu. Isipojibu, inaianzisha upya dreva na gemu inaanguka. Kilichoichelewesha kadi kinaweza kuwa dreva, joto, umeme mdogo, au, kama tulivyoona kwa Warframe, prosesa iliyokosea hesabu. Faili lililotajwa linaonyesha mahali gemu ilipoangukia tu. Aliyeisukuma anaweza kuwa mwingine.

Baada ya hapo rudisha kila kitu kwenye kasi ya kiwandani. Hapa tunasisitiza, kwa sababu watu wengi wanasukuma mashine zao bila kujua. Kumbukumbu za RAM za aina ya DDR5 zilizoandikwa 6000 kwenye boksi kwa kawaida zinaanza na kasi ndogo, na zinafika 6000 pale tu mtu au duka linapowasha mpangilio unaoitwa XMP ndani ya BIOS. Huko ni kuzisukuma. Kwa kompyuta nyingi hakuna shida. Kwa baadhi, ndiyo sababu nzima. Zima XMP, cheza siku mbili, uone. Kama bado, acha programu ya MemTest86 ipime RAM usiku kucha. Kosa moja tu likionekana, RAM hiyo haifai. Usimsikilize anayesema moja ni dogo. Na badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha dreva, RAM na mipangilio ya gemu jioni moja, gemu ikipona hajui kilichoiponya, na ikiugua tena anaanza upya.

Watafiti wa Microsoft walichapisha mwaka 2011 uchunguzi wa kompyuta zipatazo milioni moja za watu wa kawaida. Waliona kwamba mashine iliyoanguka mara moja kwa sababu ya kifaa ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuanguka tena, na kwamba kusukuma kasi ya prosesa kunaongeza hatari. Kwa hiyo anayesema ni bahati mbaya tu, itapita, anajidanganya.

Huku kwetu Afrika Mashariki kuna mambo mawili yanayozidisha tatizo, nayo hayamo katika miongozo inayoandikwa Ulaya na Marekani. La kwanza ni joto na vumbi. Fungua kompyuta iliyokaa mwaka mmoja chini ya meza katika chumba kinachopakana na barabara ya vumbi, Mbagala au Kayole. Bapa za kipoza joto hazionekani; zimefunikwa blanketi la kijivu, zito, lililochanganyika na nywele na unyuzi wa zulia, na kwa miji ya pwani chumvi ya hewani inalifanya lishikamane. Feni inazunguka kwa kelele lakini hewa haipiti. Gemu inapoanza, joto linapanda kwa dakika chache, prosesa inapunguza kasi kujilinda, na hilo lisipotosha, mashine inazima. Brashi laini, kipulizia hewa, na pesti mpya ya joto kati ya prosesa na kipoza chake vinagharimu kidogo kuliko kadi. Wakati wa kupuliza, shika feni kwa kidole isizunguke. Mwenye laptopu asicheze akiwa ameiweka juu ya godoro.

La pili ni pawa saplai. Kariakoo na barabara ya Luthuli kule Nairobi unauziwa kompyuta ya ofisini iliyotumika ughaibuni, imepachikwa kadi ya grafiki, imeitwa mashine ya gemu. Kompyuta ile ilijengwa kwa kazi ya kuandika barua na kupiga mahesabu, na pawa saplai yake iliwekwa kwa kazi hiyo. Kadi inapodai umeme mwingi kwa ghafla, katikati ya mapigano kwenye gemu, pawa saplai inashindwa na skrini inakuwa nyeusi. Muuzaji aliiwasha mbele yako ukaona Windows inafunguka. Windows kufunguka si kipimo. Kipimo ni gemu nzito, au programu ya kupima kadi, nusu saa, mbele yako, na muuzaji anayekataa hilo usimpe pesa. Ongeza umeme wa kupanda na kushuka wa mitaa yetu, na utaona kwa nini UPS yenye kidhibiti volteji kwa mchezaji wa hapa ni hitaji la msingi.

Wauzaji wetu tunawaambia hivi: andikeni waranti kwenye karatasi, yenye tarehe na namba za vifaa. Mkiuza mashine yenye i9 au i7 ya kizazi cha 13 au 14, sasisheni BIOS kabla haijatoka dukani. Kumkabidhi mteja mashine yenye mikrokodi ya zamani, leo, wakati marekebisho yanapatikana bure, ni kumuuzia kifaa kinachoweza kujiharibu chenyewe. Na mafundi waache mazoea ya kupiga Windows upya kwa kila tatizo. Kazi hiyo inachukua siku, inafuta mafaili ya watu, na kwa prosesa iliyoumia haisaidii kitu.

Kuna pia wanaopakua mafaili ya DLL kutoka tovuti yoyote kwa sababu ujumbe umesema faili fulani limekosekana. Msifanye hivyo. Mafaili halali yanakuja na gemu yenyewe au na vifurushi vya Microsoft. Mengine ni njia nyepesi ya kuingiziwa virusi. Na anayecheza gemu iliyovunjwa kufuli ajue kwamba mafaili yake yameguswa na mtu asiyemjua, na hakuna wa kumdai.

Kwa mwenye prosesa ya Intel iliyotajwa, jambo la kufanya liko wazi na lina mwisho wake. Angalia toleo la BIOS kwenye tovuti ya mtengenezaji wa madabodi yako, weka lenye 0x12F, rudisha mipangilio ya umeme kwenye ile ya msingi ya Intel. Gemu zikiendelea kujizima katika hatua ya kuandaa sheda, andika tarehe, piga picha ya ujumbe, hifadhi kurasa za Windows zenye makosa, tafuta risiti. Kama prosesa ilinunuliwa kwenye boksi lake, dai kwa Intel. Kama ilikuja ndani ya kompyuta iliyokwisha kuunganishwa, dai kwa aliyeiunganisha. Waranti ya miaka 5 kwa aliyenunua Oktoba 2022 inakwisha Oktoba 2027, na prosesa iliyoumia haitajirekebisha wakati ukisubiri.